Namba za Meza Nane

Mume wangu alikuwa mlinzi wa getini pale chuoni kwa miaka kumi na tisa. Alipofariki, watu walikuja kutoa pole, wakanywa chai, wakaondoka. Wiki ya tatu akaja mtu mmoja tu, fundi wa maabara, ambaye wanafunzi walimwita Tone. Hakukaa hata kitini. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Shemeji, kuna kazi ya kuosha vyombo maabara. Ukitaka, Jumatatu saa moja na nusu uwe pale."

Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba.

"Chupa hazijui umeishia la ngapi," akasema. "Zinajua kama ni safi au chafu."

Ndivyo nilivyoingia. Siku ya kwanza alinifundisha kusoma vibandiko kabla hajanionyesha sabuni iko wapi, kwa sababu mle ndani asiyesoma kibandiko anaweza kuungua. Hii asidi. Hii besi. Hizi mbili zikikutana zinamalizana, moja inaifuta nyingine. Na ukitaka kujua zimemalizana wakati gani, unatia matone mawili ya kiashiria, dawa inayobadilika rangi: kwenye besi inakuwa ya manjano, asidi ikizidi inageuka nyekundu-waridi, na pale katikati kabisa inakuwa rangi ya chungwa. Besi unaipima kwa pipeti, unaimwaga kwenye flaski, ile chupa ya kitako kipana na shingo nyembamba. Asidi unaiweka kwenye bureti, mrija mrefu wenye alama za mililita na kikoki chini. Unafungua kikoki, unatikisa flaski, unangoja rangi. Hapo ndipo alipopatia jina. Mwanafunzi akiachia asidi kama anamwagilia bustani, yeye anapita nyuma yake polepole: "Tone, mwanangu. Tone. Hatuzimi moto hapa."

Nami hawakuniacha. Walinibatiza Mama Chupa. Nikaitikia, ningefanyaje.

Nasimulia haya kwa sababu ya juma moja ambalo Tone nusura afukuzwe kazi, na aliyekuwa na neno la kumwokoa ni mimi, na neno lenyewe lilikuwa chungu kwangu.

Zamani Tone alikuwa mlevi. Kila mtu chuoni alijua. Mwaka mmoja alitengeneza myeyusho akiwa amelewa, mtihani ukaharibika, akaponea chupuchupu. Tangu hapo miaka minne hajagusa. Mimi sikuwahi kumuuliza, lakini nina macho. Mtu anayekunywa huwezi kumpa kikoki cha bureti asubuhi, vidole vitamsaliti. Vya Tone vilikuwa vimetulia kama vya mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Basi, wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho ukafanyika wa majaribio. Meza nane, wanafunzi wawili kila meza. Kipindi hicho maji yalikuwa ya mgao, mabomba yanakoroma tu. Kwa hiyo Tone akaamua kila mwanafunzi apewe flaski tatu safi, moja kwa kila jaribio, asihitaji kusuuza katikati. Akawatangazia: "Flaski zimeshaoshwa. Msizisuuze tena, msinimalizie maji yangu ya mvuke." Hayo ni maji safi kabisa, anayoyapata kwa kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake. Bureti na pipeti aliziosha mwenyewe, hizo haruhusu mtu. Flaski arobaini na nane zilikuwa zangu.

Saa sita tulijua mambo yameharibika. Asidi na besi zilikuwa na ukali mmoja, kwa hiyo mililita ishirini na tano za besi zilitakiwa kumalizwa na ishirini na tano za asidi, basi. Lakini wanafunzi walileta kila mtu na lake. Mwalimu wa kemia, mama mmoja mrefu wa miwani, aliandika majibu ubaoni kadiri yalivyomfikia: meza ya tano, meza ya pili, meza ya nane, ya kwanza. Huyo walimwita Desimali, maana ukimwambia saa ni nne atakuuliza nne na ngapi.

"Hizi ni namba za sokoni," akasema. "Kila mtu na bei yake. Fundi, ulikoroga huu myeyusho?"

"Nilikoroga, Madam."

"Ulikuwa mzima?"

Darasa zima likamgeukia Tone. Alitazama bureti iliyo karibu naye kama vile ndiyo iliyoulizwa.

Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye mdomo, akanong'ona, "Leo Tone amekuwa ndoo." Wenzake wakacheka. Nikamkazia macho mpaka akajifanya anatafuta kalamu.

Kesho yake habari zikazagaa: Mkuu wa chuo ameandika barua, Tone asimamishwe, aletwe fundi mwingine kabla ya mtihani. Barua atatia saini kesho saa nne.

Jioni hiyo niliingia maabara kusafisha. Ubao ulikuwa bado na yale majibu. Mimi nina tabia moja, kila kazi naanzia mlangoni. Nikifagia naanzia meza ya kwanza iliyo mlangoni, naishia ya nane dirishani. Hata kufuta ubao, badala ya kupitisha kitambaa mara moja, nikatafuta meza ya kwanza ilipoandikwa, nikafuta. Ishirini na tano nukta moja. Nikatafuta ya pili, nikafuta. Nukta mbili. Ya tatu, nukta tatu. Nikacheka peke yangu, nikasema hawa wanahesabu kama watoto wa chekechea. Nikafuta ya nne: nukta tano. Mkono ukasimama hapo hapo.

Nilitazama zilizobaki. Ya tano, nukta sita. Ya sita, nukta saba. Ya saba, nukta nane. Ya nane, nukta tisa.

Nikaketi kwenye stuli ya mwanafunzi na kitambaa mkononi. Nikajiuliza kama ninavyojiuliza chumvi ikizidi mbogani: nani alipita hapa? Myeyusho ulitoka kwenye dumu moja. Kama Tone alikosea, basi meza zote nane zingekosea sawasawa. Mlevi hakosei kwa mpangilio, kidogo mlangoni na zaidi dirishani. Ni mkono wa nani unaoanzia mlangoni na kuishia dirishani?

Nikaiona ile siku ya kuosha kama naiota. Bomba halitoi kitu. Flaski nimezipanga kwenye trei, sita za meza ya kwanza, sita za meza ya pili, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu kitakoni. Naziloweka kwenye ndoo ya magadi mazito, maana magadi yanang'oa kila uchafu. Kisha nasuuza. Siku zote nasuuza kwenye maji yanayotiririka. Siku hiyo nilisuuza kwenye beseni. Beseni moja, maji yale yale, kutoka trei ya kwanza mpaka ya nane.

Na magadi ni besi. Tone mwenyewe alinifundisha, kibandiko chake kiko rafu ya chini.

Kibaya zaidi, siku ile nilipomaliza nilitamani sana kumwambia Tone, "Nimeosha zote arobaini na nane kwa beseni moja tu!" Niliona nimefanya jambo la maana. Halafu nikajikanya, nikasema majivuno ni dhambi, mwanamke wewe, fanya kazi yako Mungu anaona. Nikanyamaza. Laiti ningejisifu! Angeshtuka papo hapo, tungesuuza upya.

Nilizinakili namba zote kwenye jalada la ndani la kitabu changu cha sala, hata zile nne nilizokwisha kufuta, kisha nikarudi nyumbani.

Nyumbani naishi na mama mkwe. Macho yake yamefifia lakini masikio yanafanya kazi ya wote wawili. Hata sijavua viatu akasema, "Leo miguu yako mizito. Umefanya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele kwa vidole.

"Kwani wamekuuliza?" akasema.

"Hapana, mama."

"Kuna aliyekutaja?"

"Hapana."

"Basi wewe unajitaja kwa faida ya nani? Wewe ni kibarua. Yule ana cheti, atapata kazi kwingine. Wewe ukifukuzwa tutakula hizo chupa?"

"Mama, mtu atafukuzwa kwa ulevi asioulewa."

"Aliulewa zamani. Acha ulevi wa zamani ulipe wa leo."

"Mama!"

"Nasema tu." Akatupa kijiwe pembeni. "Mwanangu alikuoa kwa sababu ya huo mdomo usiojua kusema uongo. Nikamwambia huyu atakutesa. Haya, nenda kasali, maana mimi utanichosha bure."

Nikasali. Sikumwomba Mungu anionyeshe njia, kwa kuwa njia niliiona vizuri kabisa. Nilimwomba miguu tu. Kwa hili namshukuru mpaka leo, alinipa.

Saa tatu na nusu ya siku ile ya barua nilibisha mlango wa ofisi ya Desimali. Alikuwa anasahihisha. Hakuinua kichwa.

"Mama Chupa, leo si siku ya kufagia ofisi."

"Najua, Madam. Nimekuja kuhusu majibu ya meza nane. Si kosa la fundi. Ni langu."

Hapo akainua kichwa. Nikamweleza habari ya magadi, beseni na trei. Akavua miwani.

"Mama, nakuheshimu. Na najua fundi ni mtu wako wa karibu. Lakini hii ni kemia."

"Ndiyo, Madam. Na mimi ndiye niliyeiosha hiyo kemia."

Nikamfungulia kitabu cha sala. Alisoma namba zangu, akavuta karatasi za wanafunzi, akazipanga upya meza ya kwanza mpaka ya nane. Nilimwona midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipofika ya mwisho akanyanyuka.

"Saa nne haijafika?"

"Bado dakika ishirini."

"Ishirini na mbili," akasema, akachukua funguo.

Alimtuma mtu kwa Mkuu kumwambia barua isubiri. Tone akaitwa. Alikuja na shati safi, nikajua alijiandaa kuondoka kwa heshima. Desimali akamwambia, "Wewe simama pale mlangoni, mikono nyuma. Usiguse kitu, asije mtu akasema umejitetea mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Mama, osha. Osha kama ulivyoosha siku ile, usipunguze wala kuongeza."

Nikaweka ndoo ya magadi. Nikajaza beseni kutoka kwenye pipa. Kabla sijatumbukiza kitu Desimali akachota maji ya beseni kwa pipeti, mililita ishirini na tano, akatia matone mawili ya kiashiria, akafungua kikoki. Asidi kidogo mno, nukta moja tu, rangi ikageuka. Hayo ni maji ya kawaida.

Nikasuuza trei ya kwanza. Akachota tena. Safari hii asidi ilikwenda nukta tisa na zaidi kidogo. Trei ya pili, karibu mililita mbili. Trei ya tatu, karibu tatu. Akawa anaandika huku kalamu inakimbia. Mimi naosha, yeye anapima. Mlangoni nilisikia Tone anavuta pumzi, maana alikuwa ameshaelewa.

Nilipomaliza trei ya nane nikafuta mikono kwenye aproni. Desimali akachota maji, akatia kiashiria, yakawa ya manjano kabisa. Halafu akaniwekea flaski mbele yangu.

"Hii pima wewe."

"Mimi, Madam?"

"Wewe huna jibu unalolitafuta la kuandika kwenye ripoti. Fungua kikoki."

Miaka sita nimeosha vile vyombo, sikuwahi kushika kikoki cha bureti yenye kitu ndani. Mkono wa kushoto kikokini, wa kulia shingoni mwa flaski, kama nilivyowaona wengine. Nikafungua. Asidi ikaingia, pale inapoangukia panakuwa pekundu, nikitikisa panarudi manjano. Nyekundu, manjano. Nyekundu, manjano. Nikapita mililita tano, sita, saba.

"Sasa polepole," sauti ikatoka mlangoni.

"Fundi!" Desimali akasema bila kugeuka.

"Mikono iko nyuma, Madam. Mdomo hukuuzuia."

Nikapunguza. Tone moja, natikisa. Tone moja, natikisa. Ile nyekundu ikawa inakawia kuondoka, inasitasita kama mgeni anayeaga mara mbili. Likaingia tone jingine, nikatikisa, na rangi ya chungwa ikabaki. Nikafunga.

"Soma."

Nikainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na maji. "Saba nukta sita."

Desimali akachukua flaski moja niliyoisuuza, akaisimamisha, akangoja maji yaliyong'ang'ania ukutani yateremke, akayapima. Yalikuwa mililita tatu. Akaenda ubaoni. Alikuwa anaongea peke yake: ishirini na tano za maji haya zinakula asidi saba nukta sita. Tatu zitakula kiasi gani? Saba nukta sita mara tatu, gawanya kwa ishirini na tano.

"Nukta tisa moja mbili," akasema. Akajumlisha na ishirini na tano halali ya besi. "Ishirini na tano nukta tisa moja. Na meza ya nane waliandika nukta tisa." Alituangalia sote wawili, macho yanang'aa. Nadhani hakuwa amekasirika tena, alikuwa amefurahi kama mtu aliyepata pete iliyopotea. "Hawa watoto walipima sawasawa! Walipima mpaka magadi ya mama!"

Akamgeukia Tone. "Fundi, nilikuuliza swali mbele ya wanafunzi ambalo sikupaswa kukuuliza. Nitalifuta mbele ya hao hao."

"Kosa si la mama peke yake," Tone akasema. "Mimi ndiye niliyewakataza kusuuza kwa maji ya mvuke. Wangesuuza mara moja tu, haya yote yasingekuwepo. Iandike hivyo kwenye ripoti. Nusu yake, nusu yangu."

"Ripoti haina nusu," Desimali akasema. Akafikiri. "Haya, nukta tano, nukta tano."

Akaenda kwa Mkuu na karatasi zake. Tulibaki wawili. Mikono yake bado ilikuwa nyuma, nadhani alisahau.

"Kitu kimoja sijaelewa," nikamwambia, maana sikujua niseme nini kingine. "Kwa nini ile rangi inakwenda na kurudi?"

Akashusha pumzi, akaja mezani. "Magadi yakiwa majini hayakai kimya, shemeji. Yanaichukua sehemu ya maji, yanairudisha, yanaichukua, muda wote, pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Kwa macho unaona maji yametulia, kumbe ndani ni nipe nikupe. Huo unaitwa msawazo. Wewe ukitia tone la asidi, unausukuma upande mmoja. Magadi yaliyobaki yanasukuma kurudi, ndiyo maana rangi inarudi. Yakiisha ya kusukuma, rangi inabaki."

Akatia tone moja la besi kwenye flaski yangu. Chungwa ikarudi manjano. Akatia tone la asidi, chungwa. Alifanya hivyo mara tatu. Hapo ndipo nilipoona vidole vyake vinatetemeka.

Alijua nimeona. "Si pombe," akasema.

"Najua si pombe."

"Jana usiku nilifika mpaka kwenye kizingiti cha kilabu. Nilisema, kama nimeshahukumiwa kwa kulewa, angalau ninywe. Nikasimama. Sijui nini kilinigeuza."

Nilikuwa najua saa zile za jana mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiomba miguu, na sitaki kusema zaidi ya nijuavyo. Lakini nilishukuru kimoyomoyo, pale pale kwenye sinki.

Barua haikutiwa saini. Wanafunzi walirudia jaribio Jumatatu, flaski zimesuuzwa mara tatu, na meza zote nane zikatoa ishirini na tano, isipokuwa ya sita, ambako yule binti mwenye mdomo alipitiliza rangi. Desimali alisimama mbele ya darasa, akasema aliyoahidi kuyasema, hakupunguza neno. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Ni haki yangu, nimelihifadhi. Chini yake Desimali aliongeza kwa kalamu kwamba kibarua huyu aendelee na kazi, na aonyeshwe titresheni kamili, yaani huko kupima kwa bureti, kwa kuwa ana jicho.

Jumapili Tone alikuja nyumbani. Safari hii alikaa. Alimwambia mama mkwe, "Mama, mkweo ameninusuru. Sijui nimlipe nini."

Mama mkwe akageuza sikio upande wake. "Usimlipe kitu. Huyo ukimshukuru sana atakuanzia sala ndefu hapa, na chai itapoa."

Tulicheka wote watatu. Nami nikasali kweli, lakini nilifupisha.